Majina ya kampaundi: Silabi ya mwisho hutenganisha chakula na sumu

MWEZI Septemba mwaka 1944, wanaume 11 walifikishwa hospitalini jijini New York, Marekani, ngozi zao zikiwa zimegeuka rangi ya buluu. Madaktari walidhani kwanza kuwa wamevuta gesi yenye sumu. Baadaye ilibainika kuwa wote walikuwa wamekula katika mgahawa mmoja, na kwamba mpishi alikuwa ametia katika uji kemikali nyeupe akiamini kuwa ni chumvi. Mmoja wao alifariki dunia.

Chumvi ya mezani, kwa jina la kikemia, ni sodiamu kloraidi. Kilichoingia katika uji ule ni sodiamu naitraiti, ambayo watengenezaji wa nyama za kusindika huitumia kwa kiasi kidogo sana. Ikizidi mwilini, huibadili himoglobini ya damu isiweze tena kubeba oksijeni, na ndiyo maana wagonjwa wale walikuwa na rangi ya buluu. Ipo na ya tatu, sodiamu naitreti, ndugu wa ile shura iliyotumika tangu zamani kutengenezea baruti.

Zote tatu ni chembechembe nyeupe na zote huyeyuka katika maji. Mtu akizikuta katika chupa zisizo na lebo, macho hayatamsaidia. Tofauti inaonekana katika jina, na katika jina lenyewe imebebwa na silabi za mwisho: -aidi, -aiti, -eti.

Silabi hizo ndizo zinazowahangaisha wanafunzi wanaoanza somo la kemia katika shule za sekondari. Wengi huziona kama msamiati wa kukariri kwa ajili ya mtihani, wakausahau mara watokapo chumbani. Ukweli ni kwamba jina la kampaundi, au msombo kama baadhi ya vitabu vinavyoiita, ni maelezo mafupi ya kilichomo ndani yake. Anayejua kanuni anaweza kuandika fomula ya kitu ambacho hajawahi kukiona.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hadi karne ya 18 wanakemia wa Ulaya walitumia majina yaliyotokana na sura ya kitu, mahali kilikopatikana au mtu aliyekigundua. Palikuwa na mafuta ya vitrioli, ambayo hayakuwa mafuta bali asidi salfuriki. Palikuwa na siagi ya antimoni, ambayo hakuna aliyeweza kuipaka kwenye mkate na kuishi. Palikuwa na maua ya zinki, chumvi ya Epsom na chumvi ya Glauber. Kitu kimoja kiliweza kuwa na majina mengi kwa kadiri ya vitabu vilivyokitaja.

Mwanasheria na mwanakemia wa Ufaransa, Louis-Bernard Guyton de Morveau, alipendekeza mwaka 1782 kuwa vurugu hiyo ikomeshwe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1787, yeye pamoja na Antoine Lavoisier, Claude-Louis Berthollet na Antoine-François de Fourcroy walichapisha jijini Paris kitabu cha utaratibu wa kutoa majina ya kemikali. Wazo lao kuu lilikuwa jepesi: jina la kampaundi litokane na majina ya elementi zilizoiunda. Lavoisier hakuishi kuona utaratibu huo ukienea duniani, kwani alinyongwa kwa mashine ya gilotini tarehe 8 Mei 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Alama za herufi zilifuata. Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, katika maandishi yake ya miaka ya 1813 na 1814, alipendekeza kila elementi iwakilishwe kwa herufi moja au mbili za jina lake la Kilatini. Hapo ndipo ilipotoka ile kero ya darasani: kwa nini chuma ni Fe, risasi ni Pb, sodiamu ni Na na potasiamu ni K? Ni kwa sababu Warumi waliita chuma ferrum na risasi plumbum, na kwa sababu sodiamu na potasiamu zilipewa majina ya Kilatini cha kisasa, natrium na kalium.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, majina hayo mawili ya mwisho hayako mbali na nyumbani. Natrium limetokana na natroni, chumvi ya magadi iliyotumiwa na Wamisri wa kale kukaushia maiti, na ndilo jina lililopewa Ziwa Natron lililo kaskazini mwa Tanzania. Kalium limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya majivu ya mimea, ambalo pia limezaa neno alkali. Mama anayechuja majivu ili kupata chumvi ya kulainishia mboga anatoa kwenye majivu hayo, pamoja na vitu vingine, potasiamu kaboneti.

Magadi yenyewe ni somo zima. Yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako uchimbaji wa kibiashara ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, yana muungano wa sodiamu kaboneti na sodiamu haidrojeni kaboneti pamoja na maji, na fomula yake huandikwa Na2CO3.NaHCO3.2H2O. Ile kaboneti pekee, ikiwa kavu, hutumika katika viwanda vya kioo na sabuni. Ile haidrojeni kaboneti ndiyo inayouzwa dukani katika pakiti ndogo kwa ajili ya kuumulia maandazi na keki. Ipo na ya tatu ambayo watu huichanganya na hizo mbili kwa sababu ya neno moja: kostiki soda, inayotumiwa na watengenezaji wadogo wa sabuni.

Kostiki soda ni sodiamu haidroksaidi, NaOH. Huunguza ngozi, na ikimezwa huharibu koo na umio kwa muda mfupi sana. Neno soda limebebeshwa mzigo mkubwa mno katika Kiswahili cha mjini: ni kiumulio, ni malighafi ya sabuni, na zaidi ya yote ni kinywaji cha chupa. Mtu anapohifadhi maji ya kostiki katika chupa tupu ya kinywaji, mtoto hana namna ya kujua. Jina haidroksaidi halina utata wa aina hiyo.

Kanuni ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi inahusu kampaundi za metali na zisizo metali. Metali hutajwa kwanza kwa jina lake kamili. Kisha hutajwa elementi isiyo metali, mwisho wa jina lake ukibadilishwa kuwa -aidi. Klorini huwa kloraidi, oksijeni huwa oksaidi, salfa huwa salfaidi, naitrojeni huwa naitraidi. Magnesiamu ikiungana na oksijeni, jina ni magnesiamu oksaidi.

Badiliko hilo la mwisho wa jina si pambo. Klorini ni gesi ya kijani kibichi yenye manjano ambayo majeshi ya Ujerumani yaliiachia karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikaua askari wengi katika mahandaki. Kloraidi ni klorini ile ile baada ya kila atomu kupata elektroni moja ya ziada na kuwa ayoni. Imo katika chumvi, katika machozi na katika jasho. Hali ni hiyo hiyo kwa florini, ambayo ni gesi kali kupita zote, na floraidi, ambayo imo katika dawa za meno na ambayo ikizidi katika maji ya kunywa, kama ilivyo katika baadhi ya maeneo ya Arusha, huyafanya meno kuwa na rangi ya kahawia. Mwanahabari anayeandika kuwa chumvi ina klorini, au kuwa maji ya kisima yana florini, amekosea kwa silabi moja, lakini kosa lake ni kubwa.

Inafaa kuzingatia kuwa katika kundi hili jina halitaji idadi ya atomu. MgCl2 ni magnesiamu kloraidi, wala si magnesiamu dikloraidi, ingawa atomu za klorini ni mbili. Wanafunzi hukosa hapa kila mwaka. Sababu ni kuwa idadi hiyo haina haja ya kutajwa: ayoni ya magnesiamu ina chaji chanya mbili, ya kloraidi ina chaji hasi moja, na kampaundi nzima haina budi kuwa na jumla ya sifuri. Kwa hiyo kloraidi mbili zinahitajika kwa kila magnesiamu moja, na haiwezi kuwa vinginevyo. Alumini yenye chaji chanya tatu na oksijeni yenye chaji hasi mbili hukutana kwenye sita, nazo hutoa Al2O3.

Ugumu huja pale metali moja inapokuwa na chaji zaidi ya moja. Chuma kinaweza kuwa na mbili au tatu, shaba moja au mbili, risasi mbili au nne. Mwanakemia wa Ujerumani, Alfred Stock, alipendekeza mwaka 1919 kuwa tarakimu iandikwe ndani ya jina, na leo hutumiwa tarakimu za Kirumi katika mabano: chuma(II) kloraidi ni FeCl2, chuma(III) kloraidi ni FeCl3. Kutu ya mabati ni chuma(III) oksaidi iliyoshikamana na maji. Majina ya zamani hayajatoweka, kwani vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kina mama wajawazito bado huandikwa feras salfeti, yaani chuma(II) salfeti. Kiambishi -as kilimaanisha chaji ndogo na -iki chaji kubwa, bila kusema ni ngapi. Ndiyo kasoro iliyomfanya Stock atafute njia nyingine.

Mfano unaotisha zaidi ni wa zebaki. Zebaki(I) kloraidi, iliyojulikana kwa jina la kalomeli, ilitolewa kwa karne nyingi kama dawa ya kuharisha na hata kutiwa katika unga wa kupaka fizi za watoto wanaoota meno, hadi katikati ya karne ya 20 ilipothibitika kuwa inawadhuru. Zebaki(II) kloraidi haikuhitaji uchunguzi wa miaka mingi: ni sumu kali inayoua kwa dozi ndogo. Majina yao yametofautiana kwa kijiti kimoja ndani ya mabano.

Kundi la pili ni la kampaundi zisizo na metali. Hapa elementi hushirikiana elektroni badala ya kupeana, na jozi moja inaweza kuungana kwa uwiano mbalimbali, hivyo idadi hutajwa kwa viambishi vya Kigiriki na Kilatini: mono- ni moja, di- mbili, tri- tatu, tetra- nne, penta- tano. PCl3 ni fosforasi trikloraidi na PCl5 ni fosforasi pentakloraidi. Kiambishi mono- huachwa kwa elementi inayotajwa kwanza.

Mahali ambapo kiambishi hicho hakiachwi ni kwenye kaboni. Kaboni dayoksaidi, CO2, ndiyo tunayoitoa tunapopumua na ndiyo inayotoa mapovu katika soda ya kunywa. Kaboni monoksaidi, CO, imepungukiwa atomu moja tu ya oksijeni. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo inayoua familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha usiku wa baridi, iwe Nairobi, Arusha, Iringa au Mbeya. Taarifa nyingi husema marehemu “walivuta moshi wa mkaa”, maneno yanayompotosha msikilizaji, kwa kuwa mkaa ulioshika vizuri hauna moshi wa kuonekana na bado unatoa gesi hiyo.

Baadhi ya vitu vimeachiwa majina yao ya kale kwa sababu hakuna atakayekubali kuyaacha. NH3 ni amonia na H2O ni maji. Mwaka 1997 mwanafunzi wa miaka 14 wa jimbo la Idaho, Marekani, aliwaeleza wenzake 50 juu ya kemikali iitwayo dihaidrojeni monoksaidi, inayoua watu wanaoivuta mapafuni, inayoozesha metali na kupatikana ndani ya mvua ya asidi. Wenzake 43 walitaka ipigwe marufuku. Alikuwa akizungumzia maji.

Kundi la tatu ndilo lenye lawama nyingi. Ni la ayoni zilizoundwa na atomu kadhaa zinazotembea pamoja, nyingi zikiwa na oksijeni. Mwisho -eti huonyesha oksijeni nyingi zaidi na -aiti huonyesha pungufu: salfeti ni SO4 na salfaiti ni SO3, naitreti ni NO3 na naitraiti ni NO2. Tatizo ni kwamba -eti yenyewe haisemi ni oksijeni ngapi. Katika salfeti na fosfeti ni nne, katika naitreti na kaboneti ni tatu. Hapa utaratibu wa 1787 ulibakiza mwanya, na mwanafunzi hana njia isipokuwa kukariri ayoni zipatazo kumi za kawaida. Mwalimu anayesema kila kitu katika mada hii kinafikirika bila kukariri hasemi kweli yote.

Kwa klorini mambo huongezeka. Kuna haipokloraiti yenye oksijeni moja, kloraiti mbili, kloreti tatu na pakloreti nne. Ile ya kwanza imo katika karibu kila nyumba ya mjini, kwani dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki hata kama si ya kampuni hiyo, ni sodiamu haipokloraiti iliyoyeyushwa. Ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ile ile ya Ypres. Anayedhani kuwa dawa mbili zitasafisha zaidi kuliko moja hujikuta akikohoa katika choo kisicho na dirisha.

Mwaka 2003 nchini Brazil watu kadhaa walifariki baada ya kunywa dawa ya kupigia picha za eksirei. Dawa hiyo hutakiwa kuwa bariamu salfeti, ambayo haiyeyuki na hupita tumboni bila kufyonzwa. Iliyotumika ilikuwa imechanganyika na bariamu kaboneti, ambayo huyeyushwa na asidi ya tumbo na kuingiza bariamu katika damu. Bariamu ni ile ile. Kilichotofautiana ni ubini wake.

Kampaundi nyingine hubeba maji ndani ya fuwele zake, na maji hayo pia hutajwa. Mrututu unaotumiwa na wakulima dhidi ya magonjwa ya ukungu, hasa kwenye kahawa, ni shaba(II) salfeti pentahaidreti: kila CuSO4 moja ina molekuli tano za maji. Ukipashwa moto katika neli ya majaribio, maji hutoka na rangi ya buluu hugeuka nyeupe. Ukidondoshewa maji, buluu hurudi. Shabu, inayotumika kutulizia maji ya tope, ni potasiamu alumini salfeti yenye molekuli 12 za maji. Wazee wa pwani walikuwa na majina mafupi kwa vitu hivi, nayo yanatosha sokoni. Hayatoshi pale mtu anapotaka kujua kama ndani mna shaba au alumini.

Kemia ya kaboni ina kanuni zake, zilizoanza kuwekwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva mwaka 1892. Msingi wake ni kuhesabu atomu za kaboni: meth- ni moja, eth- mbili, prop- tatu, but- nne. Mwisho -oli huonyesha alkoholi. Ethanoli ndiyo alkoholi ya bia na mvinyo. Methanoli, yenye kaboni moja, hubadilishwa na ini kuwa asidi methanoiki, inayoharibu mishipa ya macho na kuua.

Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi, Kenya, baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka. Mei 2014 makumi ya watu walifariki tena katika kaunti kadhaa za nchi hiyo kwa sababu ya aina hiyo hiyo. Mtaani vimiminika vyote viwili huitwa spiriti, vina harufu inayokaribiana na vyote huwaka moto. Muuzaji anayenunua pipa la “spiriti” hajui, au hujifanya hajui, amenunua kipi.

Leo msimamizi wa majina hayo ni Umoja wa Kimataifa wa Kemia Safi na Tumizi, IUPAC, ulioanzishwa mwaka 1919. Mwongozo wake wa majina ya kampaundi zisizo za kaboni ulitolewa upya mwaka 2005. Kazi si ndogo: orodha ya CAS, inayotunzwa na tawi la Chama cha Kemia cha Marekani, ina zaidi ya kemikali milioni 200.

Nchini Tanzania mwanafunzi wa shule ya kawaida ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na kanuni hizi kwa Kiingereza sekondari. Istilahi za Kiswahili zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, japo maandishi mbalimbali bado hayajakubaliana kama mtu aandike kloridi au kloraidi. Kwa Kiingereza, majina ya salfaidi na salfaiti hutofautiana kwa konsonanti moja ya mwisho ambayo mwanafunzi aliyekaa nyuma ya darasa huenda asiisikie. Kiswahili, kwa kuwa hakiachi neno liishie na konsonanti, huitamka konsonanti hiyo pamoja na irabu, na sikio huipata.

Hata tahajia ya salfa yenyewe imewasumbua wenye lugha zao. Waingereza waliiandika kwa ph na Wamarekani kwa f hadi IUPAC ilipoamua mwaka 1990 kuwa f ndiyo itumike kimataifa. Kwa upande wa alumini, Wamarekani ndio walioshindwa. Vitabu vingi vya kufundishia Afrika Mashariki viliendelea na ph miaka mingi baada ya hapo, na mwanafunzi anayetumia vitabu viwili katika dawati moja huweza kuzikuta tahajia zote mbili.